Baba Huanguka Ijumaa

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kulisema. Muuza maziwa akinipimia, naonja kwanza. Mtu akinichekea sana, najiuliza huyu leo anataka nini. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa jicho moja liko wazi. Basi fikirieni roho yangu ilivyokuwa siku baba yangu, mzee anayekaribia miaka sabini, mpishi mstaafu wa hoteli za Diani, alipokwenda Samburu, ile ya huku pwani, kununua mbuzi wa hitima ya mama akarudi na mbuzi pamoja na habari ya mchumba.

Mchumba mwenyewe mdogo kwangu. Kwao ni wafugaji, ndani huko kwenye ukavu, mbali na barabara ya malori. Alikuwa ameachika, hana mtoto, na alisilimu kabla ya ndoa bila mtu kumsukuma. Akaja Kinondo na sanduku la bati na vibuyu vyake vya maziwa, akaingia jikoni kwa mama yangu akaanza kupanga sufuria. Nilimwambia baba usoni kwamba huyu kafuata shamba la minazi, maana siku hizi kila kipande cha ardhi kuelekea Galu kina mtu anakiulizia. Baba akanijibu kwamba amechoka kula peke yake. Nikanyamaza kwa mdomo tu.

Mie nakaa Ukunda, nakaanga viazi vya karai na bajia mbele ya nyumba. Kutoka kwangu hadi Kinondo si mwendo, kwa hiyo nilikuwa nikienda kwa baba mara kwa mara, nikijifanya nampelekea hiki na kile. Kwa kweli nilikuwa nakwenda kupeleleza. Nilitazama nani kaingia, nani katoka, chakula gani kimepakuliwa, mke wa baba kavaa nini. Yeye alinipokea vizuri, akaniita dada, akanitandikia mkeka. Wema huo ukanizidishia shaka.

Maradhi ya baba yalianza kama kitu kidogo. Akibeba ndoo kutoka kisimani kifua kilimbana, mkono wa kushoto ukawa mzito, akakaa chini hadi kikamwachia. Akadhani ni gesi, akawa anakunywa maji ya tangawizi. Siku aliyoshindwa kupanda njia ya kutoka ufukweni nilimkokota hadi Msambweni. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mtu wa bara, mwenye sauti ya upole. Akampima kwa ile mashine ya nyaya, akatuambia kwamba mishipa inayoulisha moyo wenyewe imekuwa myembamba, kwa hiyo moyo ukipewa kazi nyingi unakosa damu ya kuutosha, na ndiyo maumivu yale. Akaandika vidonge vya kumeza kila siku, na juu yake chupa ndogo ya kioo cha rangi ya kahawia yenye vidonge vidogo mno vya kuweka chini ya ulimi.

Hivyo vidogo ndivyo vyenye kisa. Daktari alieleza taratibu na mimi nikashika kila neno. Kifua kikibana, baba akae chini, asisimame, aweke kidonge kimoja chini ya ulimi na asikimeze. Kitayeyuka humo humo, kitaingia kwenye damu, kitapanua mishipa, na moyo utapunguziwa mzigo. Kichwa kinaweza kumgonga, asiogope. Maumivu yasipokwisha aongeze kingine na aletwe hospitali upesi. Chupa ifungwe barabara na vidonge visihamishwe humo, maana vikipata hewa na joto hupoteza nguvu.

Halafu akauliza kama baba anatumia dawa nyingine yoyote, ya duka, ya miti shamba, ya kuongeza nguvu, chochote.

"Hakuna, daktari," nikajibu mimi. "Baba yangu hata dawa ya kichwa hubembelezwa."

Daktari akamtazama baba. Baba akatazama viatu vyake. Baba ni mtu wa maneno machache na mimi ni wa mengi, kwa hiyo tangu zamani tukienda mahali mimi ndiye msemaji. Mkewe nilikuwa nimemwacha nje kwenye benchi atushikie mkoba.

Dawa ilifanya kazi. Nililiona kwa macho yangu. Asubuhi moja baba alikuwa ananionyesha mnazi uliovunjwa na upepo, kifua kikambana. Akakaa juu ya gogo, akaweka kidonge chake, akafumba macho. Mimi nikaanza kumsomea, na sikwenda mbali katika kusoma kwangu, rangi yake ikarudi. Akalalamika kichwa kinamgonga, basi, tukaendelea na habari ya mnazi. Nikasema alhamdulillahi, mzee wangu kapata dawa.

Kisha akaanguka. Ilikuwa Ijumaa, anakwenda msikitini, kanzu nyeupe, kajipaka marashi. Kifua kikambana njiani. Akakaa kwenye ukuta mfupi wa nyumba ya mtu, akaweka kidonge kama alivyofundishwa, na badala ya kupata nafuu akawa mweupe kama jivu, jasho la baridi likamtoka, akateleza hadi chini. Wanaume walimbeba wakamrudisha nyumbani. Mkewe alimlaza, akampandisha miguu juu ya mito, na baada ya muda akafumbua macho. Mimi nilipigiwa simu, nikaacha mafuta yamechemka nikakimbia. Nilipofika baba alikuwa anaongea, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka mbali.

Ijumaa iliyofuata kifua hakikumbana, hakuigusa chupa, mambo yakapita salama. Ile ya baadaye akaanguka tena, karibu na palepale. Siku za katikati yake alikuwa ametumia kidonge hicho hicho na hakupata zaidi ya maumivu ya kichwa. Hapo ndipo damu yangu ilipochemka. Dawa moja, mtu mmoja, iweje siku nyingine impe uhai na Ijumaa imwangushe? Nikasema hapa pana mkono wa mtu.

Niliyemshuku kwanza ni muuza dawa. Nilichukua chupa nikaenda nayo hadi dukani kwake Ukunda, nikaiweka juu ya meza mbele ya wateja, nikamtaka aape kwamba alichomuuzia baba yangu si chokaa. Kijana wa watu akanionyesha karatasi, akanionyesha muhuri, akanionyesha lini dawa inaisha muda. Sikuridhika. Nikanunua chupa nyingine duka la pili, na huko nako nikauliza maswali hadi wakaniomba niwapishe wateja wengine. Baba akaanza chupa mpya. Ijumaa akaanguka nayo vilevile.

Basi kama si dawa, ni chakula. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: anayeanguka Ijumaa mchana kalishwa kitu Alhamisi usiku, na anayempikia ni nani? Nikaanza kumpelekea baba chakula cha Alhamisi mimi mwenyewe, wali wa nazi na samaki wa kupaka, chumvi nimeipunguza kama daktari alivyoagiza. Nilikaa kitako mbele yake hadi akamaliza, na maji ya kunywa nilikwenda nayo. Mke wa baba hakuuliza kwa nini. Alikula naye kidogo, akasifu mkono wangu, akaosha vyombo vyangu akanifungia vizuri. Nikarudi kwangu nikiwa na hakika kwamba nimemziba.

Baba akaanguka. Ebo! Chakula changu mimi, na bado?

Lakini kuna kitu nilikiona Alhamisi hizo. Nilipofika na bakuli zangu nilikuta chetezo kinafuka ukumbini, udi umeijaza nyumba nzima. Mlango wa chumba ulikuwa wazi na juu ya mto pana kikuba cha asmini. Mke wa baba kajifunga leso mpya, hina imemkolea miguuni. Mtu yeyote aliyelelewa pwani hii anajua Alhamisi jioni yenye udi na asmini ni ya nini. Mimi mwenyewe, nilipokuwa na mume, nilikuwa nikiagizia asmini zangu mapema zisije zikaniishia sokoni. Lakini baba ni baba. Baba ni mtu wa tasbihi na redio. Akili yangu ilikataa katakata kuipita njia hiyo, ikakata kona: nikasema huyu mwanamke anafukiza mashetani ya kwao, na Ijumaa ndiyo siku yao ya kumchukua mzee wangu.

Nikamweleza jirani wa baba, bibi mmoja mcheshi anayesuka makuti pale pale uani kwake. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka mpaka akafuta machozi kwa pindo la leso. Akaniambia Alhamisi ni Alhamisi, mwanangu, hata kwa wazee. Nikamwambia akamcheke baba yake yeye. Nikaondoka nimenuna, na kutwa nzima viazi nilivyokaanga viliungua.

Nilipoona hakuna anayenisikia nikaenda kwa ami, kaka yake baba, anayekaa Msambweni. Ami ni mtu mkali na ndiye mkubwa wa ukoo. Sikubakisha kitu. Nikamwambia habari ya Ijumaa, ya udi, ya shamba la minazi, ya mwanamke asiye na mtoto aliyekuja na sanduku moja. Ami alisikiliza huku anazungusha fimbo yake, akasema hilo halitaki kungoja. Jumamosi angekuja Kinondo na wazee wawili, baba atoe talaka mbele yao, na mwanamke arudishwe kwao kabla hajatuulia mtu. Akampigia baba simu hapo hapo. Nilimsikia baba upande wa pili akijibu neno moja tu, haya.

Mke wa baba nilimwambia mimi mwenyewe, na nilifurahi kumwambia. Alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Akaniuliza kama baba anajua. Nikamwambia anajua na kakubali. Vidole vyake vikasimama kidogo, kisha akaendelea kuchagua. Nilitaka alie au anitukane nijue moja, hakufanya hata moja. Nikasema moyoni, mtu asiye na hatia angejitetea.

Ijumaa ya kuamkia kikao nilikwenda Kinondo asubuhi na mapema. Nilimkuta baba amekaa kitandani kashika kifua, uso umemkunjamana, mkono mwingine unapapasa juu ya kabati mahali chupa inapokaa siku zote. Chupa haikuwapo. Nikaangalia chini ya mto, ndani ya droo, mfukoni mwa kanzu iliyotundikwa. Hakuna. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, macho yamemtoka. Nikampita nikaenda jikoni nikapekua kila chombo, na ndani ya debe la mchele, chini kabisa, mkono wangu ukagusa kioo. Wallahi! Huu hapa ushahidi, nikasema. Kumficha mgonjwa wa moyo dawa yake, si kumuua huko?

Nilipiga kelele hadi jirani akaja. Mke wa baba hakukana kwamba yeye ndiye aliyeificha. Alisema tu leo asipewe, apumzike, twende naye hospitali hivyo hivyo. Nikamuuliza kwa nini leo, leo ina nini. Akamtazama baba. Baba akageuza uso ukutani. Mwanamke akaufunga mdomo wake, na mimi nikamsukuma nikaingia, nikaifungua chupa, nikamwekea baba kidonge chini ya ulimi kwa mkono wangu.

Haikuchukua muda. Jasho likamtoka, midomo ikabadilika rangi, macho yakapanda juu, akanilalia begani mzima mzima. Nikamwita, haitiki. Jirani ana mtoto mwenye gari, tukambeba baba tukamlaza kiti cha nyuma, miguu yake kwenye mapaja ya mkewe kwa sababu yeye ndiye aliyewahi kuingia. Njia nzima ya Msambweni nilikuwa nimegeuka nyuma namwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Yeye alikuwa kamshika baba miguu kaiinua, anamsemesha polepole kwa lugha ya kwao.

Daktari alikuwa yule yule. Akaagiza baba awekewe maji, akapima presha, akapima tena, akatikisa kichwa. Presha iko chini mno, akasema, na hakuelewa imeshukaje hivyo. Baba akaanza kuzinduka, na alipozinduka maumivu ya kifua yakarudi. Akanong'ona, kinabana. Mie niliposikia hivyo sikungoja mtu. Maumivu yasipokwisha, ongeza kingine, si ndivyo tulivyofundishwa? Daktari alikuwa amegeuka anazungumza na muuguzi. Nikatoa chupa kwenye mkoba, nikashika kidonge, nikainama.

Mtu akanikamata kifundo cha mkono. Alikuwa yeye, na alinikamata kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

"Usimpe."

"Niachie mkono wangu."

"Usimpe, dada. Toka nje kidogo tu, nimwambie daktari neno."

Daktari akageuka. Nikasema kwa sauti ya juu, watu wote wa wodini wasikie, kwamba huyu ndiye aliyeificha dawa asubuhi na sasa anamzuia mgonjwa asipewe mbele ya daktari, na mimi hapa sitoki. Ana neno, alisemee hapa hapa. Nilidhani nimembana kwenye kona na hana pa kutokea.

Alimtazama baba. Baba alikuwa kafumba macho, lakini niliona kope zinatetemeka, kwa hiyo anasikia. Mwanamke akavuta mtandio ukamfunika uso hadi chini ya macho, akageukia ukuta.

"Jana usiku alitumia dawa ya kiume," akasema. "Unga wa kwenye asali. Kila Alhamisi hutumia. Siku ya pili yake akiweka hicho kidonge, huanguka."

Daktari akaninyang'anya kidonge kwenye vidole kama mtu anayemnyang'anya mtoto wembe. Akauliza unga wenyewe umetoka wapi. Umenunuliwa stendi ya Ukunda, akajibiwa, kwa wale wanaouza na vipaza sauti. Hapo daktari akasema na sisi sote wawili, bila kupandisha sauti. Unga wa namna hiyo mara nyingi si mizizi mitupu, humo husagiwa vidonge vya hospitali vya kazi hiyo. Navyo hupanua mishipa. Kidonge cha chini ya ulimi nacho hupanua mishipa. Kila kimoja peke yake mwili unakihimili, lakini vikikutana ndani ya mtu mmoja mishipa yote hulegea kwa pamoja, presha huporomoka, damu haifiki kichwani wala moyoni. Akasema kidonge kile nilichokuwa nimekishika kingeweza kuwa cha mwisho.

Nilitamani ardhi inimeze. Si kwa sababu ya kidonge, hilo la kidonge liliniingia baadaye. Ni kwa sababu baba alikuwa amelala pale, mtu aliyenifundisha kusoma Kurani, na mimi nimesikia jambo lile na yeye anajua nimesikia. Chozi moja lilimtoka likaingia sikioni. Nikatoka nje nikakaa kwenye benchi.

Baadaye mke wa baba naye akatoka akakaa upande wa pili wa benchi. Presha inapanda, akasema. Wamempa kitu kingine cha maumivu. Nikamuuliza kwa nini hakusema tangu mwanzo. Akanieleza yote bila haraka. Alikuwa ameshaona mwenyewe, Ijumaa baada ya Ijumaa, kwamba kidonge kinamwangusha baba baada ya unga na siku nyingine hakimwangushi. Alimsihi baba auache ule unga. Baba akasema hataki kuonekana mzee kwa mke kijana. Alimsihi basi amwambie daktari. Baba akamuuliza, nimwambie vipi mtoto wa watu, mwanamke, na binti yangu kakaa hapo ubavuni ananisemea? Ndipo akaona bora aifiche chupa, siku hiyo moja ya wiki, na aombe Mungu kifua kisibane.

"Ungeniambia mimi," nikasema.

"Nikwambie wewe? Wewe ni mtoto wake. Wanawake wa hapa kwenu ndio walionifundisha kufukiza udi, na wao ndio walioniambia ya chumbani hayatoki."

Nikamkumbusha kwamba kesho yake angeachwa, angerudishwa Samburu kwa jina la mchawi. Akasema anajua. Akasema jina la mchawi angelibeba yeye peke yake, na lile jingine, la dawa ya kiume, lingebebwa na baba mbele ya wanawe. Niliona aibu, na niliona hasira, na hiyo hasira sikujua nimtupie nani. Nikalia, na yeye akaniachia nilie.

Baba alikaa hospitali hadi presha ikatulia. Daktari alizungumza naye mlango umefungwa, wao wawili na mkewe, na safari hii mimi nilibaki nje bila kuambiwa. Vidonge vya chini ya ulimi aliendelea kupewa, kwa sababu moyo bado ni ule ule, ila unga ulitupwa chooni siku aliyorudi. Mkewe aliniambia hilo kwa kuniitikia kichwa tu.

Ami aliahirisha kikao, hakukifuta. Baba aliporudi Kinondo, Jumamosi yake ami akafika na wazee wawili, wakaketi ukumbini. Baba alikuwa ameegemea mto, macho kwenye mkeka. Mkewe alikaa karibu na mlango wa jikoni, sanduku la bati liko nyuma yake limeshafungwa. Ami akasoma dua, akaanza. Akasema familia imeona vya kutosha. Dawa imekutwa imefichwa kwenye mchele, mashahidi wapo, mimi nikiwa wa kwanza. Akamtaka mwanamke ajieleze. Mwanamke akasema hana la kusema. Ami akamtaka baba atamke talaka.

Baba akafungua mdomo. Nilimwona anatafuta neno na halipati. Akisema mke hana kosa, ataulizwa ni nini basi kilichokuwa kikimwangusha, na jibu analo, na hawezi kulitoa mbele ya kaka yake na wazee wa msikitini na mimi. Wote watatu tulilijua jibu, na hakuna hata mmoja aliyeweza kulitamka.

"Ami, si yeye," nikasema. "Ni mimi. Dawa ya siku ile nilimpa mimi, na haikuwa ya kupewa siku ile. Daktari mwenyewe amesema. Yeye aliificha kwa sababu alijua, na mimi nikaitafuta nikampa kwa nguvu. Kamuulizeni jirani."

Ami akauliza, na zile Ijumaa nyingine? Nikasema hizo pia sababu ni dawa, na chupa ya pili nilinunua mimi. Akauliza kwa nini dawa niliyonunua mimi imdhuru ndugu yake. Nikasema sijui kueleza, mimi si daktari. Nilisikia nilivyosikika. Mmoja wa wazee akakohoa. Ami akaiweka fimbo chini, akasema kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake kwamba watoto wa siku hizi wana haraka na mashamba ya wazee wao. Akasema alishangaa tangu mwanzo kwa nini nimeng'ang'ana sana mke wa watu aondoke, na akauliza nani alikuwa akileta chakula kila Alhamisi.

Nikamtazama baba. Neno lake moja lingenitoa pale. Uso wake ulikuwa umejaa jasho, na mkono wake ulikuwa umeanza kupanda kuelekea kifuani. Nikamtikisia kichwa, asiseme. Akauteremsha mkono.

Ami akakata shauri. Mke abaki nyumbani kwake. Dawa za ndugu yake zote zishikwe na mkewe, na mimi nisiziguse tena, wala nisimwingize baba kwa daktari. Akanyoosha kiganja nimpe chupa. Nilikuwa bado ninayo mkobani tangu siku ile ya hospitali. Nikaitoa, lakini sikumpa yeye. Niliinuka nikavuka mkeka, nikapiga magoti, nikaiweka mkononi mwa mke wa baba.

"Haya, ami," nikasema.

Baba anaendelea vizuri, na Ijumaa huenda msikitini kwa mwendo wa polepole. Ami akikutana na mimi Ukunda huniuliza kwanza kama mzee hajambo, kisha huniuliza kama siku hizi naingia jikoni kwa baba.